Waya Mmoja, Kamera Nne, Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni

Leo Mama Mkwe ametangaza. Wiki ijayo anasafiri kwa dada yake kutibiwa goti, na hatarudi upesi. Duka la magodoro litabaki na mtu mmoja mwenye funguo. Mmoja tu. Atamtaja Jumapili mbele ya kaka yake, yaani Mjomba, ambaye akikohoa tu ukoo mzima unakaa vizuri.

Wagombea ni wawili. Mimi, mume wa binti yake. Na shemeji, kaka wa mke wangu, anayejiita Injinia kwa sababu aliwahi kusoma kozi ya kutengeneza majokofu. Sijaona jokofu lililopona mikononi mwake, lakini jina limeganda.

Shemeji hakungoja hata chai ipoe. Alisema akipata funguo, kazi yake ya kwanza ni kukisafisha chumba cha nyuma kiwe stoo ya pili. Chumba cha nyuma ni chetu. Ndimo tunamolala. Cherehani ya mke wangu imo humo humo, anashona foronya za duka. Na mke wangu ni mjamzito, siku hizi tumbo linatangulia kuingia mlangoni, yeye anafuata. Nililitazama lile tumbo, nikatazama mlango wa chumba chetu, nikaogopa. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Niliogopa kweli.

Baadaye nikaacha kuogopa. Funguo nazichukua mimi.

Na nafasi imejileta yenyewe. Mama amepewa kamera nne za ulinzi na mashine ya kurekodia, zawadi ya rafiki yake aliyefunga duka la vipodozi. Kamera za zamani, zile zinazotumia waya mnene mweusi kama wa antena ya televisheni. Waya haukuja nazo. Mama akasema atakayeziwasha kabla ya Jumapili atakuwa amemwonyesha anavyoweza kulinda mali. Shemeji akasema ni kazi ndogo, atabomoa plasta, apitishe waya mnene ukutani, na njia fupi kabisa inapita chumbani kwetu. Akacheka. Nami nikacheka, asije akajua limeniingia.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata dawa.

Kabla ya magodoro, jengo hili lilikuwa la watu wa kompyuta. Walipohama waliacha waya wa mtandao juu ya dari, umetoka ofisini kwa Mama hadi katikati ya duka. Mzima kabisa, una vumbi tu. Ukiuchana, ndani mna nyaya ndogo nane: nne za rangi, na nne nyeupe zenye mistari. Kila ya rangi imesokotwa na nyeupe yake.

Nikaenda kwa muuza vifaa vya umeme. Nikamuuliza, picha ya kamera ya zamani inaweza kupita kwenye waya wa mtandao? Akasema inapita vizuri sana, unachohitaji ni balun. Akanionyesha. Kidude cha ukubwa wa kidole gumba. Upande mmoja kinaingia kwenye kamera, upande wa pili kina matundu mawili na skrubu, unafunga nyaya mbili ndogo. Kimoja kinakaa kwenye kamera, mwenzake kwenye mashine. Kamera nne, balun nane.

Akaanza kunieleza mambo mengine. Kila kamera ipewe jozi yake, usichanganye, usifumue msokoto, umeme upite njia yake. Nikamwambia najua. Nilikuwa na haraka, na yeye ni mtu wa maneno mengi. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya maelezo. Nzuri, ngumu. Nimefungia skrubu.

Nimemweleza Mama mpango wangu: hakuna kubomoa, hakuna vumbi. Mama anachukia vumbi kwenye magodoro kuliko anavyochukia wezi. Akasema nijaribu. Shemeji akasema waya wa mtandao ni wa mtandao, picha zitapotea njiani. Mtu wa majokofu.

Jumatano, 11 Juni

Siku nzima darini.

Kulikuwa na tatizo, nikalimaliza kwa akili. Nyaya nane, kamera nne, kila kamera inataka nyaya mbili. Zimekwisha. Sasa umeme wa kuziwasha kamera upite wapi? Soketi ziko chini, mbali. Nikikokota nyaya za umeme sakafuni, shemeji atapata la kusema.

Nikakaa juu ya boriti nikafikiri. Nyaya za rangi ndizo zinazopeleka picha. Nyeupe kazi yake ni kurudi tu. Sasa watu wanne wakitoka kazini, kila mmoja anajengewa barabara yake ya kurudi nyumbani? Wanapita moja. Basi nikaunganisha nyeupe za kamera zote nne kwenye waya mweupe mmoja, nikafunga bonge la tepu nyeusi. Nyeupe tatu zilizobaki nikazipa umeme. Ni ajabu watengenezaji hawakuliona hili. Halafu ile misokoto nikaifumua yote, nikazinyoosha nyaya zikalala sawasawa. Kitu kikae nadhifu.

Nilipomaliza nikakuta ngazi haipo. Shemeji ameichukua. Eti kulikuwa na balbu ya kubadilisha. Nilikaa darini na mapanya mpaka mke wangu aliposikia nikipiga dari, naye kwanza alidhani ni mvua. Katika kushuka mguu wangu mmoja ulitoboa dari ukatokea juu ya mteja aliyekuwa amelala akijaribu godoro. Hakununua.

Lakini picha zilitoka. Zote nne kwenye skrini ya ofisini: mlango wa mbele, ukumbi wa duka, stoo, na ua wa nyuma. Mama alikuja akajiona, akaweka sawa kitambaa chake cha kichwani. Akaniuliza mbona picha zina vivuli vivuli. Nikamwambia ni kamera za zamani, Mama, zina kumbukumbu. Akaguna. Kuguna kwa Mama si kubaya.

Jioni giza lilipoanza kuingia, kamera ziliwasha vitaa vyake vya usiku, zikafifia moja baada ya nyingine, zikazima. Nilieleza kwamba zinapumzika ili zidumu. Hata mlinzi hupumzika. Shemeji akasema mlinzi wetu hupumzika mchana pia. Hilo nisingeweza kulipinga.

Alhamisi, 12 Juni

Nitaandika polepole.

Kwanza nieleze desturi ya Mama. Godoro likiuzwa hapa halitoki mpaka Mama alilalie. Linatandikwa kwenye kitanda cha majaribio ukumbini, anavua viatu, anajinyoosha chali, anafumba macho, mikono kifuani. Anasikiliza springi. Akiridhika anaamka, analipigapiga mara mbili, ndipo linafungwa. Wateja wanapenda. Wengine wanaleta ndugu zao waje waone.

Pili nieleze habari za mlinzi. Tunamwita Macho, kwa sababu hatujawahi kuyaona. Ana benchi lake uani karibu na geti, hujilaza hapo akapiga usingizi wa pono. Ni mtu mzima, mpole, mkewe alifariki zamani. Mama naye ni mjane miaka mingi.

Sasa. Leo alasiri, nilipokwisha kurudisha ngazi stoo, nilikaa ofisini nikatazama picha zilizorekodiwa mchana, kuhakikisha kila kitu kiko sawa. Nikakuza picha ya uani. Namwona Macho amelala chali. Sawa, ni kawaida yake. Kandokando yake, bega kwa bega, Mama Mkwe. Naye chali. Amefumba macho. Mikono kifuani. Kitanda kimoja, mto mmoja. Wametulia kama watu waliokwishazoeana.

Nikasimamisha picha. Nikafuta skrini kwa shati. Wapo.

Nilijiuliza kitanda kimefikaje uani. Jibu likaja hapo hapo: magodoro mapya huwa tunayatoa nje yapungue harufu ya kiwandani. Nani angeshuku? Picha haikuwa safi sana, kulikuwa na kivuli kirefu miguuni mwa kitanda, kama mtu aliyebeba ngazi. Lakini nyuso nilizitambua vizuri. Mama na Macho.

Mtu mwingine angekimbilia kutangaza. Shemeji angekimbia. Mimi nimefunga mdomo nikafikiri. Kwa nini Mama anaficha? Anawaogopa watoto wake. Anangoja mmoja wao ampokee Macho kwa heshima, amwondolee aibu. Huyo ndiye atakayepewa funguo. Na ambaye ameshajua ni mmoja tu.

Nina furaha, tena ya kweli. Mama amekuwa peke yake muda mrefu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeanza kazi ya kumwandaa baba mkwe wangu.

Asubuhi nilimpelekea chai uani, kwa mikono miwili. Macho aliangalia kikombe, akaniangalia mimi, akauliza kama nimemvunjia kitu. Nikamwambia hapana, mzee wangu, ni heshima tu. Akanywa bila kuniondolea jicho. Kwa hiyo leo nimeyaona macho yake. Ni ya kahawia.

Nikamletea kiti chenye mgongo badala ya benchi. Akakaa. Nikamuuliza kwa kuzunguka, yeye na Mama wanaendeleaje. Akasema wanaelewana vizuri sana, hajawahi kugombana naye tangu aje. Nikamwuliza kama anaweza kunisemea neno kwake kuhusu funguo. Akasema ataongea naye, wanaongea kila siku. Anasema waziwazi namna hiyo! Mtu mwenye siri anajua kuzungumza na mwenye kuelewa.

Saa za mchana aliniita. Alisema jua linampiga kichwani. Nikampa mwavuli wangu. Baadaye akaniita tena, akasema jioni kuna kibaridi. Nikampa koti langu la kahawia, lile la harusini. Linamkaa vizuri kuliko mimi. Kabla ya kufunga duka akaniita mara ya tatu kuuliza kama nina redio.

Mke wangu aliniuliza kwa nini Macho amevaa koti langu la harusi. Nikamwambia kuna mambo ya ukoo bado hayajaiva. Akarudi kwenye cherehani yake. Baadaye akasema, bila kuinua kichwa, kwamba yeye hataki makubwa, anataka tu kujua mtoto atalala wapi. Nikamwambia alale usingizi. Jumapili nitakuwa na funguo mkononi. Alisema amesikia. Sikupenda alivyosema amesikia.

Jumamosi, 14 Juni

Shemeji leo amenijaza hasira. Alimkuta Macho amelala kwenye kiti, koti amejifunika, redio yangu inaimba. Akamfokea mbele ya wateja, akamwita gogo. Nilimvuta pembeni nikamwambia achunge ulimi wake na watu wazima, asije akalazimika kumwita mtu baba baada ya kumwita gogo. Nikaondoka taratibu nikiwa nimenyoosha mgongo. Ilikuwa dakika nzuri.

Amekuwa akizungukazunguka ofisini akitaka kuona picha. Nimefunika skrini kwa foronya. Nikamwambia ataona kesho na wenzake. Akasema bila shaka hakuna kitu, waya wangu wa mtandao umenitia aibu. Mungu anipe subira. Akijua kilichopo atazimia.

Mama mwenyewe alikuja jioni kunishukuru kwa kamera. Akasema ameona ninavyomtunza Macho siku hizi, ni jambo jema, wengi hawamjali. Alisema hivyo akitabasamu! Bado kidogo nimwambie kwamba najua kila kitu, asihangaike. Nikajizuia. Kitu kama hiki kinatangazwa mbele ya watu, kwa heshima zote.

Nimeandika nitakachosema. Nimekisoma mbele ya kioo mpaka mke wangu akaniomba nizime taa.

Jumapili, 15 Juni

Nimekiona cha mtema kuni.

Kikao kilikuwa ofisini. Mama kitini kwake. Mjomba juu ya godoro jipya ambalo bado liko kwenye nailoni, kila akijisogeza linalia. Mke wangu, shemeji, mimi. Halafu nikatoka nje, nikamleta Macho kwa mkono, amevaa koti langu, nikamketisha karibu na Mama. Mjomba akauliza mlinzi anahusikaje. Nikasema subira, Mjomba.

Nikasimama. Nikasema mapenzi hayana umri. Nikasema sisi watoto tusiwe wachoyo wa furaha ya wazazi wetu. Nikasema mimi, kwa niaba ya chumba cha nyuma, namkaribisha baba yetu mpya kwa mikono miwili. Kisha nikaondoa foronya kwenye skrini na kubonyeza.

Kwenye skrini Mama na Macho wamelala bega kwa bega, wametulia tuli.

Mama alivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo yake, akaivaa tena. Akamgeukia Macho akamwuliza, kwa sauti ya chini kabisa, wameoana lini. Macho akasema hata yeye ndiyo kwanza anasikia. Akaongeza kwamba koti hakuliomba bure, alisema tu kuna kibaridi.

Shemeji ndiye aliyelipuka. Akaruka kutoka kitini, akasema alikuwa anashuku siku nyingi, akasema ni aibu ya ukoo, Macho afukuzwe leo hii, na Mama amemwangusha. Alisema hayo mbele ya mama yake mzazi, kamnyooshea kidole. Mimi angalau nililizungumza kwa furaha.

Mjomba akaniamuru niirudie. Nikairudia. Hapo mke wangu akasogea karibu na skrini, mkono kiunoni kama wanavyosimama wenye mimba. Akauliza mbona Macho ana kitasa cha mlango tumboni. Tukatazama. Kweli, kitasa. Akasema kitasa hicho ni cha mlango wa stoo, na stoo iko upande mwingine wa jengo. Akasema hiki hapa ni kitanda cha majaribio kule ukumbini, na Mama yuko kazini analalia godoro la mteja kama kila siku. Akasema picha zimepandana.

Kisha akaweka kidole kwenye kile kivuli cha miguuni mwa kitanda. Akaniuliza, taratibu, bila ukali wowote, kama hilo si shati langu na hiyo si ngazi yangu. Na kama ni mimi, je, nami nilikuwa nafanya nini kitandani kwa mama yake.

Mjomba alianza kucheka. Alicheka mpaka godoro lote likawa linalia kwa nailoni, akajifuta machozi, akaomba irudiwe tena. Macho naye akacheka, ndani ya koti langu. Mama hakucheka. Nilitamani dari inimeze, lakini dari nilishaitoboa mwenyewe.

Shemeji alipanda juu kuangalia, akateremka amebeba lile bonge la tepu, akalionyesha kwa kila mtu. Nyeupe za kamera zote zimefungwa pamoja, picha ya huyu inarudi kwa mwenzake. Alikuwa na furaha kama amepata dhahabu. Akanyoosha mkono apewe funguo.

Mama akamwambia akae. Akasema ana wanaume wawili ndani ya nyumba. Mmoja alimuozesha bila kumuuliza. Wa pili, mtoto wa kumzaa, aliona kivuli akaamini ubaya wa mama yake kabla hata chai haijamiminwa. Akasema huyu wa kwanza ni mjinga, anamsamehe. Huyu wa pili amemuumiza. Sauti yake ilikatika hapo, na chumba kizima tukaangalia sakafu.

Basi Mama akachukua funguo akazitia mkononi mwa mke wangu, akamkunja vidole.

Jumatatu, 16 Juni

Tumepata funguo. Kama nilivyosema.

Ni kweli ziko mkononi mwa mke wangu, lakini mke wangu ni wangu. Chumba ni chetu, mtoto atalala tulipo. Nilipomkumbusha kwamba nilimwahidi Jumapili, alicheka mpaka akashika tumbo, akasema mtoto naye amecheka. Akaegemeza kichwa begani kwangu. Nilijisikia mtu.

Na kuna ushindi wa pili. Mke wangu amemwamuru shemeji azirudie kamera. Sharti: hakuna kubomoa. Imembidi atumie waya wangu ule ule wa mtandao na balun zangu zile zile nane. Nilisimama chini ya ngazi nikimwangalia, nikitabasamu tu mpaka akaniomba nitabasamu kwingine. Kila kamera ameipa rangi yake na nyeupe yake, nyaya amezirudishia misokoto, umeme amezivutia kwa waya wake kutoka soketi za chini. Picha ni safi. Unaona hadi bei kwenye magodoro. Jioni haikuzima hata moja.

Kwa hiyo nani alikuwa sahihi? Waya wa mtandao umetosha. Nilisema tangu Jumanne. Amebadilisha vitu vidogo vidogo tu.

Shemeji alikwenda kwa Mama mchana akakaa naye peke yao. Alitoka macho mekundu. Mama alimmiminia chai.

Mke wangu amenipa na mimi sharti. Nikionekana tena karibu na ule waya nikiwa na kisu, chumba cha nyuma kinakuwa stoo kweli, yeye na mtoto watalala chumbani kwa Mama, na mimi nitalala kwenye benchi la Macho. Nimekubali. Ni maneno ya mtu mwenye mimba. Macho sasa ananiita mwanangu. Koti hajarudisha.

Jumatano, 18 Juni

Wazo limenijia nikiwa napangusa magodoro, kazi niliyopewa kwenye uongozi mpya.

Geti halina kengele. Mteja akigonga, Macho hasikii, na Mama anaondoka keshokutwa akiwa na wasiwasi. Nikifunga kengele kutoka getini hadi ofisini, mke wangu ataona mume wake ni mtu wa namna gani. Kengele inataka nyaya mbili tu, nyembamba. Na mimi najua mahali penye nyaya nyingi nyeupe zisizo na kazi kubwa.

Nimefikiri sana kuhusu lililotokea. Kosa langu lile sasa naliona wazi. Nilichukua nyeupe tatu. Nilizidisha. Mbili ndiyo kipimo.

Nimepanda darini mchana huu, mke wangu akiwa stoo. Mvua nyepesi imeanza kugonga bati, kwa hiyo hakuna aliyenisikia. Nimekata nyeupe mbili, kamera zake nimeziunganisha na nyeupe ya mwenzao, tepu kidogo tu safari hii, haionekani. Nimeshuka, nimeingia ofisini kuangalia kama kila kitu kiko sawa.

Hakiko sawa.

Mke wangu yuko kwenye skrini, amenyoosha mkono, funguo zinaning'inia kwenye kidole. Mbele yake, karibu kabisa, shemeji amesimama uani na kiganja wazi kuelekea juu. Amekiweka kama mtu anayepima mvua, lakini mimi si mtoto mdogo. Anakabidhiwa. Mke wangu anampa funguo zetu, chumba chetu, mahali pa mtoto, na mimi niko hapa ofisini nina vumbi kichwani. Nimekaa chini. Moyo umeniuma.

Lakini sitakufa kikondoo. Nimerekodi yote. Mjomba nimeshampigia simu aje haraka, na mara hii nimealika na majirani.